Kwa mnaoanza kushona foronya za askari na za wafiwa

Wengi hufika kwenye kikundi chetu hapa Tabora wakiwa na kitambaa kizuri mkononi na hamu ya kuanza. Swali langu la kwanza huwa moja: foronya hii ni ya nani? Ya askari aliye kazini mbali na ya nyumba iliyofiwa hazifanani, hata zikikatwa kwenye jora moja. Usipojua nani ataweka kichwa hapo, weka mkasi chini kwanza.

Mji wetu umezoea kuishi na jeshi. Ukipita Isevya au Ng'ambo hukosi nyumba ambayo kijana wao yuko kwenye ulinzi wa amani. Mwaka 2013 Tanzania iliingia kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Julai mwaka huohuo askari wetu 7 waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 ikaja Semuliki, Kivu Kaskazini, tukapoteza wasiopungua 14 katika shambulio moja. Habari kama hizo zikitangazwa, wake na mama wa askari hawalali, hata yule ambaye askari wake yuko salama. Ndiyo maana tunashona kitu cha kulalia, si kitu cha kutundika ukutani.

Nianze na jambo la marufuku, kwa sababu linaweza kukuingiza matatani. Usinunue kitambaa cha mabaka, hata ukikiona mnadani kwa bei ya kutupa, hata kama nia yako ni njema kabisa. Sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo si za raia, na mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa wenye nazo wazisalimishe. Isitoshe, askari anayavaa mabaka mchana kutwa. Usiku mpe maua, mistari, au rangi ya nyumbani kwake.

Kwa foronya za kazini, pamba tupu ndiyo yetu. Poplini au bafta nzuri inakauka haraka na haimfanyi mtu atokwe jasho shingoni. Loweka kitambaa usiku kucha, fua, anika, piga pasi, ndipo ukate, kwa kuwa pamba isiyofuliwa hupungua, na foronya iliyokuwa saizi inageuka ya kubana. Chagua rangi iliyokolea kidogo, kule hakuna wa kumfulia. Usiweke vifungo wala zipu. Mdomo ufungwe kwa kipande cha ndani kinachokunjwa juu ya mto, kama kiganja kimoja na nusu kwa upana, kwa sababu asiye na mto hujaza sweta na shuka humo ndani akalala, na kile kipande ndicho kinachozuia visimwagike.

Vipimo vya kwenye video za Wamarekani msivifuate hivihivi. Mto wao wa kawaida ni inchi 20 kwa 26. Mito ya sokoni kwetu, ya sufi na ya sponji, haina saizi moja. Pima mto wenyewe kwa futi ya kushonea. Kwao kazi za namna hii zimeshika mizizi: kikundi cha Quilts of Valor kilianza 2003 kwa mama ambaye mwanawe alikuwa ametumwa Iraq, nao hushonea askari mablanketi ya viraka. Kujifunza kwao ni vizuri, ila kichwa kitakacholala ni cha hapa.

Sasa mshono, na hapa sina huruma na mtu. Shavu la mtu litakaa juu ya foronya hii saa nyingi, na huenda likawa limelowa machozi. Nyuzi zinazochomoza ndani zitanasa, zitafumuka, na baada ya kufuliwa mara chache foronya itakuwa tambara. Wenye oveloki, mashine ya kufunga nyuzi za ukingoni, wapite nayo. Sisi wa cherehani ya mguu tunashona mara mbili. Weka vipande viwili migongo ikitazamana, uso wa kitambaa ukiwa nje, shona robo inchi kutoka ukingoni. Punguza ncha za nyuzi kwa mkasi mpaka zibaki fupi kabisa. Geuza, nyoosha pembe kwa kijiti, piga pasi, kisha shona tena upande wa pili, safari hii nafasi izidi robo inchi kidogo ili ule ukingo wa kwanza umezwe wote. Pitisha kidole ndani. Kidole kikikwama popote, fumua. Najua inaudhi, lakini fumua.

Kudarizi ni fahari yetu, na nyumba nyingi hapa zina foronya zilizoandikwa "Usingizi mwema". Darizi, lakini karibu na mdomo wa foronya. Ua likiwa katikati, lenye mafundo kwa nyuma, mtu anaamka na alama usoni. Khanga nayo ni nzuri mno kwa kazi hii, pindo lake linakaa vizuri mdomoni. Lakini soma jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hujakata! Khanga nyingi zinamsema jirani au mke mwenza. Mwanamke aliyezika mume juzi asipokee kijembe cha mtu mwingine kichwani pake. Ukiwa na wasiwasi na maneno, yakate, tumia mji, ile sehemu ya katikati, na pindo.

Kwa wafiwa, pole pole. Siku ya mazishi usipeleke kitu. Nyumba imejaa watu, kila mkono umeshika kitu, na foronya itaishia kwenye rundo. Subiri matanga yaishe, wageni waondoke, ndipo usiku unapokuwa mrefu. Mjane Mwislamu yuko kwenye eda miezi minne na siku kumi, hajipambi wala hajitii manukato, kwa hiyo usiifukize udi, usiinyunyizie marashi, wala usimchagulie kitambaa cha harusi. Nendeni wawili, mmoja awe mama mtu mzima anayejulikana pale. Kaeni mkekani, toeni pole, na mzungumzie marehemu ikiwa mwenyeji ameanza yeye. Watoto wakiwa watatu, foronya ziwe tatu. Mtoto hagawi kitu cha baba yake na ndugu yake kwa furaha.

Wengine huomba foronya itokane na nguo ya marehemu. Ikubali kazi hiyo, lakini iwe nguo ya kiraia, sare ni mali ya jeshi. Na usiifue kabla ya kuuliza. Mama mmoja alituletea shati la kijana wake la michirizi ya buluu, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki, fundo mbili. Binti mmoja wetu akanyoosha mkono kulichukua aloweke, kama tunavyofanya kwa kila kitambaa. Mama akalivuta kifuani. "Bado lina harufu yake, mwanangu." Tulilishona bila kulitia maji. Mfuko wa kifuani tuliuacha ulivyo, na vifungo vyake, upande wa mgongoni ambako shavu halifiki. Tangu hapo swali la kufua linaulizwa mwanzo kabisa, na jibu linaandikwa kwenye karatasi inayobandikwa kwa pini juu ya nguo.

Jina la marehemu halidariziwi mpaka familia iseme, na iseme pia liandikwe vipi, maana aliyejulikana jeshini kwa jina la baba huenda nyumbani aliitwa jingine kabisa.

Foronya za walio kazini hatupeleki wenyewe getini. Tunaandika barua kwa mkuu wa kikosi kupitia serikali ya mtaa, tunasubiri jibu. Usiulize wanaondoka lini wala wanakwenda wapi, na mke wa askari akikudokeza, neno hilo liishie kwako. Hakuna picha kambini, hakuna picha ya mjane akipokea.

Ukija mara ya kwanza, njoo na mkasi wako na futi. Utaanza na bafta nyeupe, mshono wa mara mbili, pande tatu. Kidole kikipita bila kukwama, tutakupa kitambaa cha mtu.