Kabla hujafunga hata flai moja, KWANGUA HUO WAYA

Mkuu simama hapo hapo. Post yako ya kufunga flai, vile vidudu bandia vya manyoya na waya vya kuvulia trauti (samaki wa maji baridi), nilikuwa naipitia juu juu tu, manyoya ya kanga, ndoano namba ngapi, kibali unachukulia wapi, mpaka nikafika pale uliposema waya umepata kwa fundi wa kusuka mota, bei poa, rangi safi ya shaba, na leo usiku unakesha unafunga nimfu, yaani flai za kuzama, za kutosha ili wikiendi uingie nazo Mufindi kuvua. Nikaweka chai chini. Na wewe weka ndoano chini. Tafuta wembe.

Huo waya umeukwangua? Hujaukwangua. Najua hujaukwangua kwa sababu na mimi sikuukwangua, niliuangalia tu ukiwaka wekundu pale kwenye kibanda cha fundi nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Iko hivi. Waya wa kusukia mota unapakwa vanishi, na ile rangi nyekundu unayoiona wewe inaweza kuwa ya vanishi tu. Ndani kunaweza kuwa shaba, kunaweza kuwa alumini, na siku hizi mota za bei rahisi na feni nyingi zimesukwa kwa alumini. Kwa macho huwezi kutofautisha aisee, hata uwe na macho ya mwewe. Sasa shaba kwa ujazo uleule ina uzito zaidi ya mara 3 ya alumini. Kwa feni haina shida, feni inazunguka tu. Kwa nimfu ndiyo kila kitu.

Hii flai unayotaka kuiga ya mkia wa fezanti (ndege jamii ya kuku mwenye mkia mrefu) ni ya Frank Sawyer, mzee mmoja aliyekuwa mtunza mto Avon kule Wiltshire, Uingereza, na ujanja wake ni kwamba hakutumia uzi kabisa. Waya mwembamba wa shaba ndio uzi, ndio uzito, na manyoya yakishalowa ndio unaoleta ile rangi inayochungulia kwa ndani. Hakuweka hata miguu, maana wale tunutu wa mtoni wanaojua kuogelea wakikimbia wanabana miguu mwilini. Vitu viwili tu, unyoya na waya. Kimoja kikiwa feki umebaki na unyoya, na unyoya peke yake hauzami.

Mimi nilikuwa nimepata tenda. Kuna kijana anapeleka wageni kuvua trauti kwenye vijito na mabwawa ya kule kwenye chai, akaniambia kaka nifungie boksi zima, mgeni anakuja na analipa vizuri. Ndoano za flai unajua zilivyo, maduka yetu huku Mbeya yana ndoano za sato na perege, ukiulizia ndogo ya namba 14 wanakuangalia kama umeulizia sindano ya cherehani, kwa hiyo za kwangu zilitoka Nairobi kwa basi, nikalipia na mzigo. Nikaenda kwa fundi wangu wa mota, jina simtaji ila akisoma hapa atajijua, nikamuuliza hii shaba? Akanijibu "shaba tupu hiyo bro, mota ya Mjerumani." Mjerumani! Akanipimia kwenye mzani kabisa na nikalipa bei ya shaba. Yaani hata ule mzani ulijaribu kuniambia, maana bunda lilikuwa kubwa na kilo haifiki, mimi nikafurahi eti nimepunjiwa upande wangu.

Nikafunga. Nzuri balaa, nikapiga picha, nikaweka status.

Kijana akanipigia mchana wa siku ya kuvua. Mgeni yuko kwenye kijito, maji ya baridi yanakwenda kasi, trauti wanaonekana kabisa chini wanageuka geuka ubavu wakila, na flai yangu inapita juu ya vichwa vyao haina habari nao. Hazielei, tuwe wakweli, ndoano ni chuma itazama tu, lakini inazama taratibu na maji yakiwa na mbio hiyo flai inakuwa imeshapita kabla haijafika kwa samaki. Mgeni akafungua kiboksi chake cha zamani, akafunga ya kwake, akapata samaki palepale. Kijana akataka hela yake irudi, na nikairudisha.

Hapo sasa ndipo nilipoharibu kweli. Kumbe kosa la kwanza lilikuwa dogo. Nikaingia mtandaoni kuuliza, wataalamu wa humu humu (mpo, nawaona mnalike) wakaniambia flai haizami kwa sababu waya ni kidogo, ongeza raundi za waya kifuani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ni waya gani. Mimi nikatii. Nikafunga upya ndoano zote zilizobaki, raundi juu ya raundi za alumini, zikatoka nene kama funza wa mahindi, na kadiri zilivyonenepa ndivyo zilivyozidi kukataa kwenda chini, kwa sababu naongeza unene na uzito hauongezeki wa maana. Tundu la ndoano nalo limezibwa na waya, mshipi haupiti. Nikafuatana na yule kijana mpaka kwenye bwawa kuzijaribu, mbele yake, kwa kujiamini kabisa. Sitaki kuelezea.

Siku naokoa zile ndoano, nakata waya kwa wembe ili nianze moja, wembe ukachuna ngozi ya waya. Ndani nyeupe pee. Nilikaa naangalia ile nyeupe kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangalia picha za harusi yangu. Na ndoano nyingi nilizivunja ncha wakati wa kuzivua ule waya, kwa hiyo hela ya Nairobi nayo ikaenda na maji.

Nikamrudia fundi. Anasema "kwani we ulitaka ya kufanyia nini, si inapitisha umeme?" Sina la kumjibu mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo mkuu: kwangua. Sentimita moja tu, pande zote mpaka vanishi iishe, halafu ukate na uangalie ile sehemu ya kidonda chenyewe, maana kuna waya mwingine ni alumini imevishwa ngozi ya shaba, ukikwangua kidogo unaona wekundu unapiga vigelegele. Nyekundu mpaka katikati ndiyo shaba. Ukiwa na mashaka bado, kipande chembamba kiweke kwenye moto wa kibiriti cha gesi, alumini inalegea na kukatika, shaba inawaka nyekundu na kubaki. Halafu funga flai MOJA, ilowanishe kwa mate, iangushe kwenye glasi ya maji pamoja na ndoano tupu ya namba ileile. Kama inaachwa nyuma na ndoano tupu, usifunge ya pili.

Unene wa waya usizidi milimita 0.2, kwa namba 14 au 16 mimi natumia mwembamba zaidi ya hapo. Nenda kwenye transfoma ndogo za redio mbovu za zamani, nyingi zina shaba nyembamba safi, ila na hiyo kwangua.

Manyoya ndiyo hivyo, kanga inafaa kama nyuzi zake ni ndefu, madoa yake hayana shida. Bata mzinga wa kahawia ni bora zaidi, mkia wake unakaribia fezanti. Shika nyuzi 4 hivi, ncha zitokeze nyuma kidogo tu ziwe mkia, zisokote pamoja na waya ndipo uzungushe kwenda mbele, usizizungushe peke yake, trauti ana meno na samaki wa kwanza atakuachia kipara. Kifuani unazikunja nyuma, unabana na waya, unazirudisha mbele, unabana tena. Acha nafasi nyuma ya tundu. Imeisha hiyo.

Na yule pale juu aliyekuandikia "waya wowote wa mota fresh tu mkuu", mwambie aweke picha ya flai yake kwenye glasi ya maji tuione iko wapi. Na wewe weka picha ya huo waya wako uliokwanguliwa, leo leo, kabla ya kukesha. Nasubiri.