Jibu: Je, ni lazima ninunue ofa ya kazi ili niende Kanada?

Ndugu yangu wa Lubumbashi, usilipe zile dola 2,000 unazosema mtu anakudai kwa ofa ya kazi. Ofa ya kazi ya kweli haiuzwi, na ukikamatwa na karatasi ya uongo, Kanada inakufungia mlango miaka 5.

Halafu kwa wafanyakazi wenye ujuzi wa Express Entry, yaani mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, ofa si sharti. Tangu tarehe 25 Machi 2025 hata pointi 50 au 200 za ofa katika upangaji wa wagombea ziliondolewa. Sasa huyo anakuuzia nini?

Nguvu zako zitie kwenye uzoefu. Unasema umefanya fundi umeme kiwandani miaka 3: inatosha. Wanataka angalau mwaka 1 mfululizo, yaani saa 1,560 za kazi ya kulipwa, ndani ya miaka 10 iliyopita. Saa 30 kwa wiki ndizo kikomo cha zinazohesabiwa. Ukifanya 60 kule kiwandani hazihesabiwi mara mbili. Ile staji (mafunzo ya kazini) bila mshahara usiiweke.

Barua ya mwajiri ndiyo inaangusha watu wengi. Dada yangu wa Bukavu alipewa mistari miwili tu, "alifanya kazi vizuri", ikabidi arudi kwa bosi wake mara tatu. Omba iandikwe cheo, tarehe, saa kwa wiki, mshahara na hasa majukumu yako, moja moja, pamoja na saini.

Na Kifaransa chako ni mali, ndugu. Jiandikishe mapema kwa mtihani wa Kifaransa, TEF au TCF ya Kanada.