Desktopu ya Linux Ikikataa Kufunguka: Kwa Mafundi Wanaoanza Kazi

Mteja akiwaletea kompyuta hapa Luthuli Avenue, akilalamika kwamba Linux inawaka kisha skrini inabaki nyeusi, nawasihi msikimbilie kufuta diski na kusakinisha upya. Desktopu, yaani madirisha na aikoni tunazoziona kwenye skrini, ni tabaka la juu tu. Mara nyingi kerneli (kiini cha mfumo) na faili ziko salama chini yake, na anayefuta diski hufuta pia kazi ya mteja, ambayo huenda haina nakala nyingine popote.

Bonyezeni Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Mkiombwa jina na nywila, mfumo u hai na hitilafu imo katika programu za picha. Ingieni, kisha kabla ya lolote andikeni df -h, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, kwa maana diski iliyojaa pomoni huizuia desktopu kuandika faili zake ndogo, na dalili yake hupotosha: mtu anaandika nywila sahihi, skrini inapepesa, halafu anarudishwa palepale pa kuingilia. Kwenye mifumo inayotumia Xorg (programu inayochora picha kwenye skrini), dalili iyo hiyo hutokea faili ya .Xauthority, yenye kibali cha mtumiaji kutumia skrini, ikiwa mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) badala ya mtumiaji, jambo ambalo huweza kusababishwa na kufungua programu za picha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root. Amri ya ls -l ~/.Xauthority itawaonyesha mmiliki, na chown, amri ya kubadilisha mmiliki, itamrejesha anayestahili.

Ikiwa hayo ni sawa, someni kumbukumbu za makosa ya mfumo kwa journalctl -b -p err, pamoja na mistari yenye alama (EE), yaani makosa, katika faili ya Xorg.0.log. Anzieni kosa la kwanza, kwani yanayofuata aghalabu ni matokeo yake.

Muulizeni mteja pia kilichobadilika. Kama kerneli ilisasishwa na kompyuta ina kadi ya picha ya NVIDIA, iwasheni kwa kerneli ya awali kupitia menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka. Desktopu ikifunguka, basi yaelekea draiva (programu inayoendesha kadi hiyo) haikujengwa kwa ajili ya kerneli mpya. Neno nomodeset, likiongezwa kwenye mstari wa kerneli katika GRUB, huwapatia skrini ya muda tu, kwa hiyo si haki kumrudishia mtu mashine ikiwa imeachwa hivyo.

Na kama stima ilipotea katikati ya sasisho, kwenye Ubuntu au Debian endesheni sudo dpkg --configure -a ili vifurushi vya programu vilivyokatizwa vikamilishwe, ndipo mwashe kompyuta upya.