Maswali ya Wasomaji: Upekuzi Kanisani

SWALI: Sisi ni kamati ya kanisa mjini Garissa. Tunapekua mikoba kila Jumapili, lakini baadhi ya waumini wanalalamika kwamba tunawanyima uhuru wa kuabudu. Je, ni kweli? Na milango tuipangeje?

JIBU: Si kweli. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda haki ya kuabudu, na upekuzi unaofanyiwa wote sawasawa hauiondoi. Ubaya ni kumchagua mtu kwa sababu ya buibui, kanzu au kabila lake. Mwanamke apekuliwe na mwanamke.

Kosa kubwa ni kupekua kwenye mlango wa kanisa lenyewe. Foleni hujazana ukutani na kuwa shabaha rahisi. Sogezeni meza hadi langoni, na muanze saa nzima kabla ya ibada. Watu waingie kwa mlango mmoja. Mingine ifungwe kwa komeo la ndani tu, bila kufuli, na ifungukie nje. Mlango unaofungukia ndani, umati ukiusukuma, haufunguki kabisa. Kila mlango uwe na mtu wa zamu asiyeondoka hata wakati wa sala.

Mkoba usio na mwenyewe msiuguse. Ondoeni watu, kisha mkiwa mbali pigeni 999 au 112.

Baada ya makanisa mawili ya Garissa kushambuliwa Julai 1, 2012, viongozi wa Kiislamu walikubali vijana wao wasaidie kuyalinda makanisa. Zungumzeni na imamu wa jirani mpange zamu, na Ijumaa nanyi msimame langoni kwao.