Mzazi Anazeeka, Karatasi Je? Maswali na Majibu

Mama ameanza kusahau, na daktari amesema ni ugonjwa. Bado anaweza kutia saini hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kushughulikia mali yake?

Mara nyingi anaweza, ila msikawie. Ugonjwa peke yake haumnyimi mtu haki ya kusaini. Kinachopimwa ni akili yake saa ile ya kusaini. Anaelewa karatasi inasema nini? Anampa nani mamlaka, juu ya mali ipi? Anajua kwamba anaweza kuifuta? Chagueni saa ambazo huwa mchangamfu, kwa wengi ni asubuhi. Mwanasheria azungumze naye faraghani, anayepewa mamlaka akisubiri nje, na majibu ya mama yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Barua ya daktari iwe ya siku hiyohiyo au ya karibu nayo. Ya miezi sita nyuma hupingwa kirahisi ndugu wakifikishana mahakamani.

Mwulizeni mwanasheria jambo moja zaidi: mama akishindwa kabisa kujiamulia, hati itaendelea kufanya kazi? Katika nchi nyingi hati ya kawaida hukoma papo hapo, wakati mnapoihitaji kuliko wakati wowote, isipokuwa imeandikwa kwa namna ambayo sheria inairuhusu kuendelea. Mkichelewa, itabidi kuiomba mahakama iteue msimamizi, na huko kuna gharama, kungoja na kuwasilisha hesabu.

Baba ameniingiza kwenye akaunti yake ili nimlipie bili. Kuna ubaya?

Upo. Akaunti ya pamoja inaweza kukufanya mwenye fedha badala ya msaidizi. Wadai wako wanaweza kuifuata, na baba akifariki salio huweza kuwa lako moja kwa moja, ugomvi na ndugu ukaanzia hapo. Afadhali benki ikutambue kuwa mtia saini tu, akaunti ibaki kwa jina lake. Tunza risiti zote, usichanganye fedha zake na zako, na ndugu mwingine aone taarifa ya benki kila mwezi.

Nina hati ya uwakilishi ya shangazi, naye amefariki. Naweza kutoa fedha za mazishi?

Pole kwa msiba. Huwezi: mamlaka hayo yamekoma alipofariki, na kadi yake pia usiitumie. Peleka benki cheti cha kifo pamoja na ankara za mazishi. Baadhi ya benki huwalipa watoa huduma moja kwa moja. Mengine yanamsubiri msimamizi wa mirathi.

Babu amegawa kila kitu sawasawa kwenye wosia. Tumemaliza?

Bado. Angalieni fomu za bima ya maisha na pensheni. Fedha hizo kwa kawaida hulipwa kwa aliyeandikwa kwenye fomu, hata wosia ukisema vingine, na huenda bado lipo jina la mke waliyeachana miaka 20 iliyopita. Ajaze fomu mpya, ataje na wa akiba endapo mteule atatangulia kufa, kisha abaki na nakala yenye muhuri.

Hakikisheni pia mashahidi wa wosia si warithi wala wenzi wa warithi. Mahali pengi shahidi wa namna hiyo hupoteza alichoachiwa. Na mkienda kutoa fotokopi, msiubandue wosia pini zake: matundu ya ziada huzua swali kama kuna ukurasa ulionyofolewa.