Jibu: Tangi jipya la maji chumvi, mwamba unanuka na amonia imepanda, nifanyeje?

Mkuu, nimesoma bandiko lako na majibu yaliyotangulia, nikaona nisipite hivi hivi. Kwa anayeingia sasa: jamaa yuko Dar, ana tangi la lita 200, maji kayachota ufukweni wakati huu wa mvua, na kaweka kilo 20 hivi za mwamba hai uliosafirishwa ukiwa umefungwa magazeti mabichi ndani ya boksi la barafu. Wiki ya pili sasa, maji yananuka, amonia inasoma 2, refraktomita (kipimo cha chumvi ya maji) inasoma 1.021. Kashauriwa autoe mwamba wote auoshe kwa maji ya bomba, kisha atie samaki watatu wanne wagumu ili "wazoeshe tangi".

Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo mawili. Tangi lako haliumwi, linakomaa, na kinacholikomaza ni huo huo mwamba unaotaka kuuosha.

Mwamba hai ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, imejaa vitundu, na kila kitundu kina mkazi wake: sifongo, minyoo, kaa wadogo, mwani, na bakteria kila mahali. Ukiutoa majini ukausafirisha, wengi wa hao wakubwa wanakufa njiani. Mizoga yao ikioza ndipo amonia inapotoka. Kundi moja la bakteria linaila amonia na kuigeuza nitriti, kundi la pili linaichukua nitriti na kuigeuza nitrati. Ndani kabisa ya jiwe, kule ambako oksijeni haifiki, wapo wengine wanaoivunja nitrati hiyo hadi iwe gesi ya nitrojeni inayotoka zake hewani. Hii ndiyo sababu watu wa maji chumvi tunagharimia mwamba: ndio chujio lenyewe, na pampu kazi yake ni kuupelekea maji tu.

Shida ni kwamba bakteria hawa ni wazito wa kuongezeka. Bakteria wa kawaida wa tumboni anajigawa ndani ya nusu saa akiwa na chakula cha kutosha. Hawa wetu wanahitaji nusu siku, wengine siku nzima na zaidi. Amonia ya vilivyokufa inapanda ndani ya siku mbili tatu, walaji wake wanaifuata nyuma polepole. Hapo ndipo ulipo sasa hivi.

Sasa fikiria maji ya bomba. Yana klorini, na hayana chumvi. Viumbe vilivyoponea safarini vitakufa hapo hapo, na bakteria uliowanunua kwa bei ile utawaua kwa mkono wako. Ukiurudisha mwamba tangini, mizoga mipya itaanza kuoza na amonia itapanda kupita hapo ilipo.

Na samaki? Amonia inaunguza mashavu yao. Wanaotoka kwenye maji baridi huwa wanashangaa hapa, kwa sababu huko walizoea samaki kuvumilia. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya 8.2 hivi. Kwenye pH 7 na joto letu la Dar, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1 ya jumla unayoisoma kwenye kipimo. Kwenye 8.2 inakaribia mara kumi ya hapo. Namba ni ile ile 2, sumu siyo ile ile. Samaki "mgumu" atakaa pembeni anahema haraka, mapezi kayabana, na hata akipona mashavu yameshaharibika. Kumtesa kiumbe ili akutengenezee chakula cha bakteria, wakati mwamba wenyewe unakitoa bila kuombwa, sioni haja yake kabisa.

Fanya hivi. Kwanza zima taa, maana mwanga wakati huu unanufaisha mwani tu. Pampu za mkondo ziwake usiku na mchana, na skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu) kama unayo iwe kazini. Kisha andaa ndoo yenye maji ya bahari, siyo ya bomba, na mswaki mgumu. Toa jipande moja moja, ulinuse. Likinuka kama ufukwe maji yakipwa, hilo ni zima, lirudishe. Likinuka yai bovu, ligeuze ulitazame vizuri kwenye mwanga. Mara nyingi utakuta upande wa chini sifongo lililokuwa la machungwa au la njano limekuwa la kijivu, juu yake kuna utando mweupe unaoteleza kama uji uliopoa, na ukiligusa linakatika lenyewe. Hilo sugua lote litoke mpaka uone jiwe, suuza ndani ya ndoo, rudisha. Rangi ya zambarau iliyo ngumu kama rangi ya ukutani usiiguse hata kidogo, ule ni mwani wa chokaa, ndio uzuri wa mwamba. Halafu fyonza takataka zilizotuama chini ya tangi, kwa sababu nazo zinaoza.

Wakati unafyonza, badilisha theluthi moja ya maji. Wapo watakaokwambia usibadilishe, eti unawanyang'anya bakteria chakula. Mimi sikubaliani nao kwa tangi la mwamba hai. Bakteria wamekaa kwenye jiwe, hawamo majini, na kinachooza kitaendelea kutoa amonia kesho. Ungekuwa na jiwe kavu ningesema uache. Wewe umelipia konokono, minyoo na sifongo zilizobaki, na kwenye amonia 2 wanaendelea kufa, jambo linaloongeza amonia zaidi. Ishushe ikae karibu na 1 au chini yake.

Hiyo 1.021 ni mvua. Bahari yetu inatakiwa isome 1.025 hadi 1.026, yaani gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji. Masika mito inashusha maji baridi na uchafu, na ukichota karibu na daraja la Salander, mto Msimbazi wote unakuja na ndoo yako. Kwa sasa tumia chumvi maalumu ya akwariamu, changanya maji ya 1.026, na kila ukibadilisha tangi litapanda taratibu. Mvua zikiisha, kodi mtumbwi ukachote nje kabisa, bamvua, maji yakiwa yamejaa. Na maji yakipungua kwa kukauka ongeza maji matamu yaliyochujwa, siyo ya chumvi, maana kinachokauka ni maji tu, chumvi inabaki.

Joto: hita huihitaji. Nyumba nyingi za Dar zinashinda kwenye 28 hadi 30, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo. Elekeza pampu moja juu ili uso wa maji utikisike, na nunua pampu ya hewa ya betri. Umeme ukikatika usiku kucha na mwamba unaoza, hiyo pampu ndogo ndiyo inayookoa tangi.

Vipimo sasa. Usihesabu siku, soma namba. Amonia itapanda, itashuka, nitriti itapanda nyuma yake, nayo itashuka, nitrati itabaki. Kwenye maji chumvi nitriti haina ukali ule wa maji baridi, kwa sababu kloraidi ya chumvi inaizuia kuingia kwenye mashavu ya samaki, lakini bado ni ishara yako kwamba kundi la pili la bakteria halijafikia idadi ya kutosha. Ikiwa bado ipo, usiamini kipimo cha nitrati, kinasoma juu kuliko hali halisi. Amonia na nitriti zote mbili zikigusa sifuri, tia kipande kidogo cha kamba mbichi ndani ya soksi safi, kiache kioze siku mbili, kitoe. Amonia ikirudi sifuri ndani ya siku moja na nitriti isionekane, hapo tangi limekomaa. Badilisha nusu ya maji, anza na konokono, halafu samaki mmoja au wawili wadogo, usubiri kabla ya kuongeza. Kati hapo vioo vitaota vumbi la kahawia, halafu mwani wa kijani. Ni kawaida kwa kila tangi jipya, usinunue dawa.

Usiku zima taa zote, subiri, mulika kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Minyoo yenye nywele waache, wanakula mabaki. Ukisikia mlio mkali kwenye kioo au mwamba, kama mtu anagonga kwa sarafu, huenda yule ni kamba anayepiga kwa ngumi, na anaweza kumaliza konokono na samaki wako. Jua anatokea tundu gani mapema, kabla hujaweka samaki, ili umtoe na jiwe lake.

Jambo la mwisho, kwa uzito wake. Muulize aliyekuuzia mwamba huo ulitoka wapi. Bongoyo na Mbudya ni hifadhi, mwamba wa pale hauvunjwi. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), na mwamba hai unahesabiwa humo, kwa hiyo ukivuka mpaka bila kibali ni kosa. Ukitaka kuongeza, tafuta jiwe la matumbawe la machimboni, lile lile lililojenga Mji Mkongwe. Chagua vipande vyepesi vyenye vitundu, visivyo na udongo, viloweke wiki kadhaa, upime fosfati (chakula cha mwani) kabla hujaviingiza. Mwamba ulio nao utavipandikiza bakteria wenyewe.

Ukimaliza kusugua, pima keshokutwa asubuhi amonia, nitriti na pH, ubandike hapa pamoja na picha ya chini ya yale mapande yaliyonuka.