Dennis the Menace ya 1993 kwa watoto: inafaa, ila ficha manati kwanza

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuwawekea wanao wa miaka 5 na 8 filamu ya Dennis the Menace likizo hii, au itawaongezea utundu. Wangu wawili wameiona, na mimi niliiona kwa mkanda wa video nikiwa mtoto Tabora, kwa hiyo nakujibu kama mzazi na kama mtuhumiwa.

Hakikisha ni ile ya 1993, jirani mzee Wilson ni Walter Matthau na Dennis, mtoto mtundu, ni Mason Gamble. Aliyeiandika ni John Hughes, yuleyule wa Home Alone. Kuna nyingine ya 1998 ambayo Matthau hayumo, hiyo achana nayo. Nakala ya Uingereza imeandikwa "Dennis" tu, maana kule wana katuni yao ya jina hilohilo iliyoanza Machi 1951, mwezi uleule na ile ya Marekani iliyozaa filamu hii, na ni watoto wawili tofauti kabisa.

Utundu upo, sikufichi. Mapema tu Wilson anajifanya amelala ili asisumbuliwe, Dennis anadhani anaumwa, anavuta manati na kumfyatulia kidonge cha aspirini mpaka kooni. Mwanangu mdogo alicheka hadi akaanguka kwenye kochi, halafu akauliza, "Baba, manati inatengenezwaje?"

Kutengeneza najua sana. Kwetu Isevya, Tabora, jirani alikuwa mzee mstaafu wa reli mwenye mwembe wa dodo. Mawe yetu yakikosa embe yanatua kwenye bati lake, kong'o! Anatoka na msuli, ndala moja mguuni, nyingine mkononi tayari kwa kurushwa. Wakati huo mkewe anatupenyezea embe mlango wa uani. Hawakuwa na mtoto, kama Wilson na Martha wake. Ukimwona Joan Plowright, ndiye Martha, akimtetea Dennis utamkumbuka bibi fulani wa mtaani kwenu.

Sehemu nzito ni ya lile ua la okidi. Wilson amelitunza miaka 40, lichanue mara moja kwa sekunde chache. Watu wamejaa bustanini, kimya, mara Dennis anaingia akipiga kelele kwamba ndani kumeibiwa. Wote wanageuka. Wakirudisha macho, ua limeshakufa. Mzee anamtolea mtoto maneno makali, kwamba hataki hata kumwona.

Hapo nilinyamaza kutafsiri. Mimi ua langu lilikuwa redio. Yule jirani wa reli aliiacha barazani akingoja matangazo ya vifo, alikuwa na kaka yake mgonjwa huko Kaliua. Alipoingia kuswali, nikazungusha kitufe nitafute mpira. Nikashindwa kurudisha stesheni, nikakimbia. Kwa msiba tukasikia siku mbili baadaye, wameshazika. Siku hiyo hakushika ndala wala hakupiga kelele. Alikaa tu na ile redio mapajani.

Kwa hiyo wa miaka 5 usimwache peke yake kuanzia hapo mpaka mwisho, maana Dennis anatoroka usiku na kuangukia mikononi mwa mwizi. Mwizi huyo, Christopher Lloyd, ametengenezwa kuwa mchafu, ana kisu, na wangu alijificha nyuma ya mto. Baadaye anateketea kwa vituko vya mtoto huyohuyo, ikiwemo moto, na hapo hofu ikageuka kicheko. La moto uwaeleze kabisa kwamba ni maigizo. La manati mimi nilishindwa kueleza, nikaificha juu ya kabati.

Tulipomaliza mkubwa akaniuliza, "Na yule babu wa redio, alikusamehe?" Nikamwambia sijui, ila baada ya wiki hivi aliniita kwa jina, akanipa hela nikamnunulie betri mbili. Chenji sikuirudisha.